Koo za Samaki: Kutoka Mbeya hadi Matema

Jumatano, Mbeya – Tukuyu

Tumeondoka Mbeya mvua ikinyesha Uyole yote, boksi la vichupa limefungwa kwa kamba kiti cha nyuma. Ndani ya kila kichupa kuna ethanoli, spiriti ya kuhifadhia, inayosubiri kipande cha pezi cha nusu sentimita cha kupimwa vinasaba. Mwenyeji wangu ni mtaalamu wa samaki, mzaliwa wa Kyela. Mimi ni mtu wa pwani. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukata ncha za minyiri ya pweza kule Kilwa na Mafia, ili tujue pweza wa mwamba huu na wa mwamba ule wanahusiana vipi. Ameniita nije nione jambo ambalo, kwa maneno yake, huko baharini kwetu halipo.

Isyonje tumesimama dereva anunue viazi. Hapo ndipo mwenyeji wangu alipoanza kunihoji: kwa nini watu wa pwani tunaridhika na kufunga mwamba, yaani kuzuia watu wasivue pweza hapo, kwa miezi mitatu tu kisha tunaufungua?

Nikamweleza. Pweza anayevuliwa zaidi kwetu, *Octopus cyanea*, haishi sana. Mwaka mmoja au kupita kidogo amemaliza. Jike hutaga mayai mamia ya maelfu pangoni, hukaa kuyalinda bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Watoto wanatoka wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, wanapanda juu na kuchukuliwa na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Kwa hiyo mtoto wa pweza wa Mtwara anaweza kukulia mbali sana na pango la mama yake, na ukisoma vinasaba vya pweza wa vijiji viwili jirani usitegemee kukuta koo mbili. Kufunga mwamba kunalipa kwa sababu nyingine kabisa: pweza anaongezeka uzito haraka mno, na ukimwacha miezi michache anarudi na kilo. Ndivyo walivyofanya Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, na ndivyo wanavyofanya Kisiwa Panza kule Pemba. Kijiji kinafunga, kijiji kinavuna uzito. Lakini watoto ni wa pwani nzima, na hilo hakuna kijiji kinachoweza kulisimamia peke yake.

"Sawa," akasema. "Sasa chukua hayo yote, uyageuze."

Tukuyu tumefika jioni. Mlima Rungwe hauonekani kwa mawingu. Nimekula ndizi na maziwa mgando, na nimelala na blanketi mbili.

Alhamisi, Ziwa Kisiba

Vitabu vya sayansi huliita Massoko, kwa jina la kijiji. Wenyeji wanasema Kisiba. Limekaa kwenye shimo la volkano, kusini-mashariki ya Tukuyu, mviringo wa mita kama 700 kutoka ukingo hadi ukingo, na msitu umeteremka mpaka majini. Juu yake kuna boma la Wajerumani, na kila mtu hapa atakusimulia habari ya sarafu zilizotupwa ziwani wakati wa Vita vya Kwanza. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Kwa mtu aliyezoea bahari, hilo ndilo jambo la kukaa ukalifikiria: samaki aliyezaliwa humu hana pa kwenda.

Mzee mmoja ametupokea kando ya maji. Nikamwamkia shikamoo, mwenyeji wangu akaongeza "ugonile", akafurahi, akatuma kijana alete wavu. Baada ya muda tukawa na samaki kwenye beseni, wadogo wa kutosha kushika kiganjani. Dume mmoja alikuwa wa njano, na mstari mweusi umemkata jichoni. Mwingine, aliyetoka kwenye wavu wa kilindi, alikuwa wa buluu iliyokoza, karibu nyeusi, mwili mwembamba kidogo. Halafu jike mmoja, shavu limemvimba. Mwenyeji wangu alimshika taratibu chini ya maji, akamfungua mdomo kwa kidole, na mayai ya rangi ya machungwa yakaonekana yamejaa humo. Hakukatwa pezi. Alirudishwa ziwani na mayai yake.

Hapo nikaelewa neno "geuza". Pweza huuachia mkondo watoto wake wote. Huyu huwabeba mdomoni, akawatema palepale alipozaliwa yeye. Hakuna anayetawanyika. Ukoo unajifunga.

Samaki huyu ni *Astatotilapia calliptera*, wa kawaida kabisa katika mito na mabwawa ya bonde zima la Ziwa Nyasa. Lakini humu Kisiba amegawanyika. Wa njano wanakaa pembeni, kwenye mwanga, wanakula wadudu wa kandokando. Wa buluu wako chini, mita 20 na zaidi, wanakula viumbe vidogo vinavyoelea. Mwaka 2015 jarida la *Science* lilichapisha utafiti ulioongozwa na Milan Malinsky, pamoja na Martin Genner, George Turner, Richard Durbin na wenzao, akiwemo Benjamin Ngatunga wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania. Walisoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, za samaki 146. Sehemu kubwa ya jenomu za pande mbili inafanana. Tofauti imejikusanya kwenye maeneo 98, kama alivyonieleza mwenyeji wangu huku akichora kwenye mchanga kwa kijiti. Na ndani ya maeneo hayo kuna jeni za kuona kwenye mwanga hafifu, ikiwemo ile ya rodopsini, protini ya jicho inayonasa mwanga. Kilindini mwanga ni kidogo, na jicho la wa buluu linaelekea huko. Mgawanyiko wenyewe ni wa juzi, miaka 1,000 au pungufu. Ziwa lilikuwepo muda mrefu, samaki wakaingia, na tayari wameanza kuwa wawili.

Nilimuuliza mzee kama watu wa hapa walijua kuna aina mbili.

"Mwanangu, sisi tunavua. Wa juu yuko juu, wa chini yuko chini. Ukitega chini hupati wa njano." Akanyamaza kidogo, akauliza lake: "Sasa na nyie niambieni. Hawa ni wadogo. Tukileta sato wale wakubwa wa mabwawani, si watu watashiba zaidi?"

Swali la haki kabisa. Mwenyeji wangu alichuchumaa mbele yake na kumjibu kwa Kinyakyusa, kwa urefu, na mimi nilishika jina la sato na jina la ziwa tu. Baadaye alinifasiria alichosema: kwamba shimo hili ni dogo, samaki mgeni akishinda hakuna mto wa kuleta mbegu upya, na kinachopotea hapa hakipo Kyela, hakipo Malawi, hakipo popote. Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini sikuona kama amemaliza. Njaa nayo ina hoja yake, na mimi siamini uhifadhi unaomwambia mtu aangalie samaki bila kumwambia ale nini.

Ijumaa, Tukuyu – Kyela

Tumeteremka. Chai imebaki nyuma, ikaja migomba, kisha kakao, michikichi na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Joto la Kyela limenikumbusha nyumbani.

Sokoni nimekutana na usipa, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Mbeya nimejiona niko kwenye kazi ninayoijua. Mama mmoja alikuwa amewatandaza juu ya chandarua kikuukuu, anawageuza kwa ufagio na jicho lake liko mawinguni, maana mvua ikiwakuta hivyo wanaoza. Usipa (*Engraulicypris sardella*) anaishi kama mwaka mmoja, mayai na vifaranga wake wanaelea katikati ya ziwa, na huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Kwa maisha yake huyu ni ndugu wa pweza zaidi kuliko wa samaki wa Kisiba: anazaa mapema, anakufa mapema, na maji yanamchanganya. Mvuvi wa Kyela na mvuvi wa ng'ambo, Malawi, wanachota chungu kimoja. Kumsimamia usipa kwa kijiji kimoja ni kazi bure. Lazima nchi tatu, Tanzania, Malawi na Msumbiji, ziongee.

"Dada, unanunua au unaandika?" mama akaniuliza.

Nimenunua sado. Amenikaangia wachache papo hapo nionje, na wamekaa chumvi sawasawa.

Jumamosi, Matema na Lyulilo

Siku ya mnada wa vyungu. Wakisi wamekuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vimepangwa ufukweni kwa ukubwa, na nusu ya watu tuliotaka kuongea nao walikuwa wanauza au wananunua. Tumesubiri.

Wakati tunasubiri, kijana mmoja wa mtumbwi ametupeleka mahali ambapo mchanga wa Matema unaisha na mawe ya Milima ya Livingstone yanaingia majini. Nimevaa miwani ya kuzamia. Chini ya mita moja ya maji kulikuwa na samaki wa mawe, wa buluu wenye mistari, kila mmoja na jiwe lake, akimfukuza jirani. Wanakwangua ukoga. Nimekaa pale mpaka vidole vikakunjamana.

Hawa nao ni wabeba mayai mdomoni, na hawapendi kabisa kuvuka mchanga. Mwaka 1997 kundi la Madeleine van Oppen lilichapisha utafiti wa samaki wa mawe wa Nkhata Bay, upande wa Malawi: makundi yaliyotenganishwa kwa chini ya kilomita mbili yalionyesha tofauti za vinasaba. Chini ya kilomita mbili! Sisi kwenye pweza tunapima kwa mamia ya kilomita na bado tofauti ni ya kutafuta kwa tochi. Maana yake kwa usimamizi ni nzito. Mfanyabiashara wa samaki wa mapambo akikomba mwamba mmoja, mwamba wa pili hautaujaza haraka. Na akiwahamisha samaki kutoka jiwe hili akawamwaga kwenye jiwe lile ili apunguze safari, amechanganya koo ambazo ziwa lilizitenga kwa muda mrefu.

Mchana tumekaa na wavuvi wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi wa ufukwe wao, chini ya mwembe. Mazungumzo yalianza kwa kokoro, ule wavu wa kuburuta hadi ufukweni. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zinalikataza, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia mahali linapovutwa usiku. Nilishukuru kwamba hakuna aliyejificha. Mvuvi mmoja wa makamo alisema jambo ambalo nimelirudia kichwani jioni yote:

"Ninyi wataalamu mkija mnasema samaki, samaki. Samaki gani? Usipa ukimkataza mwezi mmoja umenionea, kesho yuko. Chambo ukimwachia mwezi mmoja hujafanya kitu."

Ni kweli tupu. Chambo, perege wa ziwa hili, ni watatu, *Oreochromis karongae*, *O. squamipinnis* na *O. lidole*, na wote watatu wameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Dume huchimba kiota mchangani, jike hubeba mayai na kisha watoto mdomoni. Kokoro likipita juu ya viota limevuruga mazalia yote ya ufukwe huo, na hakuna kundi la watoto linaloelea kilindini likingoja kuja kuziba pengo. Kule kusini mwa ziwa, Malawi, chambo walianguka vibaya miaka ya 1980 na 1990, na hadi leo hawajarudi walivyokuwa.

Hili la majina pia tulilizungumza, nikawapa mfano wa kwetu. Kwa muda mrefu pweza wa Mediterania, wa Brazil na wa Japani waliitwa wote *Octopus vulgaris*, wakahesabiwa kama samaki mmoja wa biashara. Vinasaba na maumbile vilipoangaliwa kwa makini, wa kaskazini-mashariki mwa Brazil alipewa jina lake, *O. insularis*, mwaka 2008, na wa Japani leo anaitwa *O. sinensis*. Takwimu za uvuvi zilizoandikwa chini ya jina moja zilikuwa za wanyama tofauti. Mtu anaweza kummaliza mmoja huku jumla kwenye karatasi ikionekana nzuri. Katibu wa kikundi akaniambia kwamba katika daftari lao la mapokezi kuna safu moja tu ya perege, chambo na sato wakiwa humo humo. Tumechora safu mpya pamoja, kwa rula, palepale chini ya mwembe.

Jumapili, mdomo wa Lufilyo

Asubuhi watu wako kanisani, kwaya inasikika mpaka ufukweni. Tumetoka baada ya ibada.

Nilitaka kumwona mbasa, na nimemwona. *Opsaridium microlepis*: mrefu, wa fedha, magamba madogo yanayobaki kwenye vidole, mapezi ya chini yana wekundu wa machungwa. Anakulia ziwani akiwinda usipa, lakini mvua zikijaza mito anapanda kwenda kutaga kwenye changarawe, Lufilyo, Mbaka, Kiwira, Songwe, na Ruhuhu kule Ludewa. Kwa hiyo kila mwaka anajipanga mwenyewe mdomoni mwa mto, mahali pembamba, kwa wakati unaojulikana. Na nyavu zinamngoja hapohapo. Siwalaumu wavuvi, bei ya mbasa mmoja mkubwa mjini Kyela inalipa mahitaji ya shule. Lakini samaki anayekamatwa akipanda ni samaki ambaye bado hajataga.

Mvuvi aliyetuuzia alikuwa na hakika kwamba mbasa wa mto huu si wa Songwe. "Wa huku mnene mgongo. Nikiona sokoni najua katoka wapi." Mwenyeji wangu hakumbishia wala hakumkubalia. Alikata kipande cha pezi la mkia, akakitia kichupani, akaandika mto, tarehe na urefu kwa penseli, maana wino unayeyuka kwenye ethanoli, na karatasi akaitumbukiza ndani. Kipande hicho na vingine kutoka Songwe ndivyo vitakavyojibu. Ikiwa mbasa wa kila mto ni ukoo wake, mto mmoja ukifa umekufa na watu wake, na lazima kila mdomo wa mto uwe na msimu wake wa kufungwa. Ikiwa wanachanganyika ziwani na kupanda mto wowote, mito michache iliyolindwa vizuri inaweza kubeba mingine. Ni maamuzi mawili tofauti kabisa, yenye gharama tofauti kwa familia tofauti, na ndiyo sababu mimi naipenda kazi hii: kipande cha pezi kinaamua nani afunge wavu wake na nani asifunge.

Ila kuna jambo halingoji maabara. Ukipanda juu kidogo ya mto unaona mahindi yamelimwa mpaka kwenye kingo, na maji yamekuwa mekundu. Changarawe ikifunikwa na tope mayai yanakosa hewa. Hata mbasa wote wakiachwa wapande, watataga kwenye matope.

Jumatatu, Kyela – Mbeya

Kwenye kupanda kurudi Tukuyu tumesimama kwenye mabwawa ya samaki ya kijana mmoja anayeuza vifaranga. Mabwawa safi, yamechimbwa vizuri, maji yanaingia kwa mfereji kutoka kijitoni na kutoka kwa mfereji kurudi kijitoni. Ndani ni sato wa Nile, *Oreochromis niloticus*.

Mwenyeji wangu alikuwa kimya tangu tushuke garini. Sato huyu si wa bonde hili. Mwaka 2013 Genner, Ngatunga, Turner na wenzao waliandika kwamba ameshaingia katika bonde la Ziwa Nyasa upande wetu, na tatizo lake si kula tu. Anazaliana na perege wengine wa jamii yake. Watoto wa mchanganyiko wanazaa, na baada ya vizazi kadhaa huwezi tena kumpata yule wa asili hata ukivua ziwa zima. Malawi kwa muda mrefu wamekuwa hawaruhusu afugwe. Wao hufuga *karongae* na *shiranus*, samaki wa hapahapa. Ziwa ni moja, lakini kijito hiki kinateremka kwetu.

"Ni madume matupu," kijana akatueleza, akionyesha mfuko wa vifaranga. "Hawawezi kuzaa."

Nilimjibu kwa upole, maana anaamini alichoambiwa na aliyemuuzia mbegu. Kwanza, kugeuza jinsia kwa homoni ni mara chache kunatoa madume kwa asilimia 100. Pili, dume hahitaji jike wa bwawani. Mafuriko yakimshusha mpaka Kyela, atawakuta majike wa perege wa ziwani wanangoja.

Alisimama kwa muda akiangalia mfereji wake wa kutokea. Siku za masika kama hizi maji hupita juu ya ukuta, alisema, na kila mwaka kuna wanaokwenda. Kisha akatugeukia.

"Dada, mimi nina watoto watatu na mkopo. Wateja wanataka samaki anayefika robo kilo kabla ya msimu wa mpunga. Nileteeni perege wa ziwani aliyechaguliwa kwa kukua, hata kama atachelewa mwezi, na mimi nitakausha mabwawa haya nianze upya. Lakini msiniambie niache halafu mkaondoka."

Tumeweka wavu kwenye mdomo wa mfereji, tabaka mbili, na mawe ya kuushikilia. Ombi lake nimeliandika la kwanza kwenye taarifa tunayoipeleka Mbeya, juu ya habari za mbasa na juu ya kokoro, na mwenyeji wangu ameongeza sharti moja kwa mkono wake: mbegu itakayokuzwa itoke kwenye mito na fukwe za kaskazini hizi, kwa samaki waliopimwa vinasaba kwanza, wala isisafirishwe kwa lori kutoka upande wa pili wa ziwa.